Bado Lipo?

Lusajo alinifungulia ukurasa Jumapili, baada ya ibada,
akaniandikia neno la siri nyuma ya kipande cha kalenda.
"Mama, piga picha, weka bei, basi. Watu watakuja wenyewe."
Nyumba hii ya Forest ina vyumba vinne
na jozi moja ya ndala mlangoni.

Nilianza na vyepesi.
Redio isiyoshika stesheni tangu tulipohama Tukuyu.
Pasi ya mkaa, jogoo wake amekatika kichwa.
Ndoo tatu, mifuniko miwili.
Sahani za maua, dazeni nzima, bado ndani ya boksi,
zilizongoja wageni wa heshima miaka ishirini na sita.
Wageni walikuja. Tukawapakulia kwenye bakuli za plastiki,
wakashiba, wakaenda zao.

Loleza ilikuwa imejifunika ukungu hadi mabegani;
nikasubiri jua lifike dirishani,
maana picha ya gizani
hufanya hata mali halali ionekane ya wizi.

Simu ikaanza kutetemeka juu ya kitambaa cha meza.
Bado ipo?
Bado zipo, mama?
Mwisho shilingi ngapi?
Mwisho kabisa?
Mwisho wa mwisho?
Mmoja wa Uyole akauliza kuhusu dresingi tebo:
"Na huyo bibi anayeonekana kwenye kioo, anakuja na meza?"
Nikaitazama picha. Kweli, ni mimi,
kilemba kimekwenda upande, simu imeniziba uso,
nyuma yangu kitanda kimevurugika upande mmoja tu.
Nikamjibu: Huyo ni mpiga picha. Haendi na mzigo.

Sahani kachukua mtu anayejiita Mfalme wa Parachichi.
Alikuja na bajaji, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi,
nikamjua kwa mwendo: shemeji Ambokile,
ndiye aliyezileta na utepe mwekundu siku ya harusi yetu.
Hakusema. Sikusema.
Alihesabu noti mara mbili,
akaomba nimpunguzie elfu mbili ya bajaji.
Nikampunguzia.
Akaondoka amezikumbatia kifuani
kama mtoto anayerudishwa kwao.

Ndipo nikafika kwenye koti.
Koti la Anyosisye, zito, kola ya manyoya,
lililopanda naye lori kwenda Tunduma na kurudi,
hadi sasa kwapani lina dizeli ambayo sabuni imeshindwa.
Mfukoni: risiti ya mizani, wino umefifia,
na punje tatu za mahindi ya kuchoma.
Niliandika bei ya ng'ombe, kwa makusudi,
nikaandaa na maneno ya kumkatalia atakayekuja.
Niliyafanyia mazoezi jikoni, nikipepeta mchele.

Juni hii, baridi ya kupasua midomo,
siku kumi na moja, hakuna aliyeuliza.
Kitanda cha mtoto kimeondoka. Kabati limeondoka.
Hata ndoo isiyo na mfuniko imepata kwao.
Koti, kimya.
Hata wa kuitukana bei, hakuna.
Nikashusha. Nikashusha tena.
Nikaona aibu, kana kwamba ni yeye mwenyewe
amesimama katikati ya sebule,
na wageni wanampita wakitafuta viti.

Usiku huu, nikikohoa, kuta zinaitika.
Mjukuu wangu Subilaga amelala, simu yake iko chajini.
Nimeichomoa. Nimeutafuta ukurasa wangu mwenyewe,
nimeandika kwa kidole kimoja:
Bado lipo?

Ndani ya mfuko wa sweta langu, kitu kikatetemeka.
Nikakaa kidogo.
Muuzaji asionekane ana haraka.
Kisha nikajibu:
Lipo.