Wiki Tisa za Ufalme

Kabla ya Perisi, Kibaigwa ilikuwa na kinu kimoja cha alizeti,
na kinu kilikuwa na mwenyewe, Sakalani,
na Sakalani alikuwa na bei.
Hatukuihoji. Nani hulihoji jua
kwa nini linatokea upande wa Gairo?
Dumu la lita ishirini, elfu themanini na nane.
Mimi nakaanga maandazi kwenye maegesho ya malori;
nililipa, na andazi nikalipunguza tumbo.

Hakuna aliyekataza kinu cha pili.
Hapakuwa na geti wala mlinzi,
hakuna sheria iliyomtaja Sakalani.
Palikuwa tu na nguzo za umeme mkubwa
zilizoishia ukutani kwake;
ya kuzidi hapo, ukiitaka, ni ng'ombe sita.
Palikuwa na nembo ya ubora, na ofisi yake iko mjini:
njoo Jumanne, njoo na ramani ya choo.
Palikuwa na magunia ya Juni
ambayo wakulima wa Pandambili
walikwisha kuyala mwezi wa Januari,
kwa mkopo, kutoka mkono uleule.
Mlango ulikuwa wazi kabisa.
Kizingiti ndicho kilichofika kifuani.

Perisi Chilongani alikiparamia.
Miaka minne ya vikoba, kisha mahari ya binti yake,
kwato kwa kwato, ikageuka nguzo ya umeme.
Mashine ya mtumba ilitoka Singida juu ya lori la vitunguu
na mafuta ya kwanza yalinukia vitunguu,
lakini yalikuwa ya rangi ya asali,
na ubao wake ulisema sabini na nane.

Siku ya tatu Sakalani akaandika sabini.
Perisi akafuta, akaandika sitini na nane.
Sakalani, sitini.
Perisi akakaa juu ya gunia, akapiga hesabu mara tatu:
mbegu peke yake, bila umeme, bila kijana wa kupakia,
ni sitini na mbili.
Akaandika sitini na nne, chaki ikamkatikia mkononi.
Sakalani, hamsini na mbili.

Wanasema mteja ni mfalme.
Basi nilitawala.
Andazi likanenepa, nikanunua sufuria mpya,
nikamlipia Yoeli muhula mzima kwa mkupuo.
Kila wiki nilipita mbele ya Perisi,
dumu tupu nikienda, dumu zito nikirudi.
Mbukwenyi, nilisema. Aliitika.
Mara moja tu aliniuliza:
"Hiyo bei yake, unadhani inatoka wapi?"
Nikamjibu, "Biashara, dada."
Tofauti ilikuwa elfu kumi na mbili.
Sasa najua ninauzwa shilingi ngapi.

Wiki ya kumi mashine ikapata mnunuzi.
Hakuifunga, hakuihitaji.
Aliiweka nyuma ya kinu chake chini ya turubai,
na kuku wanatagia kooni mwake.
Mwaka juzi kijana mmoja wa Mlali, mwenye akiba na daftari,
alimwendea kuuliza mambo ya vinu.
Sakalani alimpa soda, akamzungusha hadi uani,
akalifunua turubai pole pole, kama mtu anayeonyesha maiti.
"Karibu," akamwambia. "Soko ni huria."
Kijana akafungua duka la vocha.

Leo ubao unasema tisini na sita,
na si kwa chaki. Kwa rangi.

Jana Perisi alinunua maandazi mawili.
Aliyapima kiganjani, moja, kisha jingine,
hakusema neno.
Ni mimi niliyeanza kujitetea:
mafuta yamepanda, nikasema,
kana kwamba mafuta yana miguu.