Hakuna Tukio

Saa kumi na mbili jioni napokea zamu kwa Mutisya:
kurunzi, rungu, kabuti lenye harufu ya mvua ya jana,
na kitabu cha lango, kalamu yake imefungwa kwa uzi
kana kwamba ndiyo mali pekee ya kuibwa hapa Kileleshwa.

Magoti sipigi.
Bawabu akipiga magoti, kamera huripoti kwamba amelala.
Basi nimejifunza kusali kwa wino:
jina, nambari ya gari, nyumba anayokwenda, saa ya kuingia.
Dada anayepikia nyumba ya nne, arudi salama kwa wanawe.
Kijana wa piza, pikipiki yake ina breki moja,
Bwana, uwe ya pili.
Daktari wa ghorofa ya juu, ambaye hajawahi kunisalimu,
leo macho yake mekundu. Sijui nani amemfia mikononi.
Wewe wajua. Naandika:
saa tatu na dakika arobaini.

Mchungaji wetu kule Kangemi ana kipaza sauti,
imani yake husikika hadi kituo cha mafuta.
Yangu ni hili jiko la makaa kibandani:
ukilisahau saa moja tu
umebaki na jivu na baridi ya Julai.
Nalipepea kwa kifuniko cha sufuria,
kwa jalada la daftari lililojaa mwaka jana,
usiku mwingine kwa pumzi tu.

Na nisijitie utakatifu.
Mwezi wa tano, mwenye nyumba ya tisa alishusha kioo,
akanipa mia tano iliyokunjwa mara nne.
"Huyu niliye naye, usimwandike."
Sikumwandika.
Nikanunua unga, kitunguu, nyama robo.
Nafula akasonga, tukaomba, tukala,
na ugali ule ulikuwa mtamu.
Hilo ndilo lililonitisha:
kwamba haukuwa mchungu hata tonge moja,
kwamba mtoto aliomba aongezewe.

Mkewe yule bwana hunishushia chai ya tangawizi Jumapili,
kwa kikombe chao cha udongo, si kile cha plastiki.
Wiki tatu nilikipokea kwa mikono miwili
nikitazama viatu vyangu.
Wiki tatu, kila nilipofika kwenye mstari ule mtupu wa kitabu,
sala ilinasa kama sweta kwenye seng'enge.

Siku ya mshahara nilimrudishia mia tano,
nimeikunja mara nne, kama yeye.
Akacheka. "Makokha, ya nini hii? Hata sikumbuki."
Nikasema, "Mimi nakumbuka, mzee.
Na kuanzia leo nitaandika kila anayeingia."
Hakucheka tena.
Tangu hapo hunipigia honi hata lango likiwa wazi.
Nilidhani moyo ungekuwa mwepesi kama unyoya.
Haukuwa. Ulikuwa moyo tu,
na mfuko uliopungua mia tano katikati ya mwezi wa karo.
Lakini sala ilipita.

Saa kumi na moja alfajiri Nafula hupiga simu
kabla hajashika njia kwenda kufua Lavington.
"Umelala?"
"Sijalala."
"Haya, tuseme."
Tunasema Baba Yetu, mstari wangu, mstari wake,
haraka, kabla salio halijaisha.
Leo limeisha kwenye "utusamehe."
Nikabaki na simu sikioni, kimya kitupu,
na sehemu ya wadeni wetu
nikaimalizia peke yangu,
polepole, nikiutazama mlango wa nyumba ya tisa.

Ukafunguka. Taa za gari, kisha honi, mara mbili.
Nikasukuma lango hadi mwisho wa reli yake.
"Safari njema, mzee," nikasema,
na safari hii, kwa mara ya kwanza,
sikuwa nayasema maneno kwa sababu ya kazi.

Mutisya amefika, anatafuna mhogo, ananuka sabuni.
Naichomoa kalamu hadi uzi wake unapokomea, naandika
kama nilivyoandika jana na juzi:
Usiku shwari.
Hakuna tukio.