Mshika Fimbo

Mwaka wa arobaini na nane, Burbank, banda namba sita,
nililipwa dola kumi na moja kwa siku
kushika mpini wa ufagio
wenye mpira wa tenisi kileleni.
Futi saba na inchi mbili. Seremala alipima,
akaandika ukutani kwa chaki: MACHO YAKE HAPA.

Macho ya nani? Ya korongo.
Korongo wa koti la mvua, mpenda jibini,
ambaye hakuna aliyemwona
ila Lyle Abernathy, mwigizaji mkuu,
mwenye sura ya karani anayesahau deni lako kwa makusudi.
Hiyo ndiyo sinema nzima: mtu mpole na korongo wake,
dada anayeona haya mbele ya wageni,
daktari mwenye funguo nyingi mno.

Mazoezini nilisimama nyuma ya kiti kitupu,
fimbo juu, mkono ukifa ganzi,
na Abernathy akiuambia mpira:
"Karibu, keti. Umelowa?"
Kisha Kessler, mwongozaji, anapaza sauti: "Toa fimbo!"
Natoka kwa kunyata,
na macho ya yule bwana yanabaki palepale,
hayashuki hata unywele,
kama mtu aliyetundika kofia kwenye msumari usiokuwepo
na kofia ikakataa kuanguka.

Husemwa, asiyekuwepo na lake halipo.
Wapi!
Korongo alikuwa na lake kila pembe:
kiti chake, ambacho hata mafundi umeme
hawakukikalia saa ya chakula;
kikombe chake; kipande chake cha jibini
ambacho, naapa, kila jioni hakikuonekana.
(Panya, alisema seremala. Haya, panya.)
Opaline wa vipodozi alipita karibu na kile kiti
akasema "samahani", akacheka,
kisha akaacha kucheka.

Wiki ya tano wenye fedha wakaingiwa na hofu.
Mtu analipa senti arobaini, aone kitu!
Wakashona korongo. Manyoya ya bata mzinga yaliyopakwa rangi,
mdomo wa plasta, na ndani kijana wa sarakasi,
Rufus, juu ya mironjo,
akitoka jasho kama sufuria ya maharagwe.

Abernathy akamtazama. Akaitazama ile mironjo.
Akasahau maneno.
Mara tisa tulirudia, na mara tisa
alisema na yale manyoya
kama mtu anayejieleza kwa polisi.
Siku alipoonekana, ndipo alipotoweka.

Saa tatu usiku Kessler akavua miwani.
"Niitieni mshika fimbo."

Nikainua. Mkono ulitetemeka,
kwa hiyo korongo naye alitetemeka,
na Abernathy, neno ambalo hakuna aliyemwandikia,
akasema, "Baridi, siyo? Si mbali, tutafika."
Akavua skafu yake
akaizungusha kwenye shingo ya hewa.

Skafu ilianguka, bila shaka.
Skafu ni skafu.
Lakini walikata filamu kabla haijaanguka,
na hadi leo, popote mkanda ule unapozungushwa,
haijafika sakafuni.

Rufus alilipwa kamili, nafurahi kusema.
Manyoya sijui yaliishia wapi.

Tulikwenda kuitazama Glendale, mimi na Verna,
Jumamosi, viti vya nyuma, mvua nje.
Watu walicheka hadi mzee mmoja akapoteza meno ya bandia
na safu nzima ikainama kuyatafuta.
Majina yakapita mwishoni, hata la mpika kahawa.
Langu halikuwemo.
Verna akaninong'oneza, "Sasa wewe uko wapi?"
Nikamwonyesha: "Pale. Juu kidogo ya kiti."

Akatazama kwa muda mrefu,
akainua kidevu mpaka futi saba na inchi mbili.
"Umependeza," akasema.