Dakika Nzima

Saa mbili kasoro, Desemba, Dundee bado giza.
Wodi inanuka uji wa shayiri na sabuni.
Karatasi inasema: digoksini, kidonge kimoja, saa mbili kamili.
Karatasi imesainiwa. Karatasi haina ugomvi na mtu.

Kitanda cha nne, Bwana Petrie, miaka themanini na moja,
mikono yake mipana ya kiwanda cha magunia
imelala juu ya shuka kama glavu zilizosahauliwa.
Jina lako? Tarehe ya kuzaliwa?
"Binti, jana uliniuliza."
Na kesho nitakuuliza. Jina ndilo mlango,
siingii kwa mtu kwa kupitia dirishani.

Uji hajaugusa. Anaitazama dari.
"Mmebadilisha balbu? Kila kitu manjano.
Hata theluji. Hata hilo gauni lako."

Hapo kidonge kikawa kizito
ndani ya kikombe cha karatasi.

Wapo wanaohesabu nusu dakika wakazidisha mara mbili.
Moyo si hesabu ya dukani.
Naweka kipimio chini ya chuchu ya kushoto,
nazifungia nje kazi nyingine zote,
kengele ya kitanda cha tisa, simu, toroli la Morag,
nahesabu.
Kumi na mbili. Kumi na tatu.
Kimya, kama mtu aliyesimama ngazini
amesahau alichopandia.
Kumi na nne.
Dakika nzima: arobaini na sita.

Kidonge nakirudisha. Naandika: hakikutolewa,
sababu, saa, na jina langu lote,
Mwanahamisi Shemdoe, herufi zisizopinda.

Daktari ni kijana, ana usiku mzima machoni.
"Imeandikwa apewe."
"Aliyeandika hakumsikiliza leo.
Mapigo arobaini na sita, hajala, anaona manjano.
Naomba damu: kiwango cha dawa, potasiamu, figo.
Na moyo upimwe kwa mashine, sasa hivi."
Sikuipandisha sauti. Wala sikuishusha.
Alinitazama kidogo, kisha akachukua kalamu.

Saa tano majibu yakaja:
dawa damuni mara mbili na zaidi ya inavyofaa.
Hakuna aliyepiga makofi. Morag aliniletea biskuti.

Lakini ilitoka wapi?
Nikavuta kiti.
Nyumbani, nani hukupangia vidonge?
"Isla," akasema. Halafu, "Alikuwa Isla."
Tangu Septemba anajipangia mwenyewe,
kimoja kutoka kopo lake,
kimoja kutoka kopo la Isla,
maana mkewe naye moyo wake ulikuwa wa kusukumwa,
na kutupa dawa nzima nzima, anasema, ni ufujaji.
Akageukia ukuta.
Nikakaa pale pale, mikono mapajani,
mpaka kengele ya tisa iliponiita mara ya tatu.

Siku ya tano theluji imerudia weupe wake.
Sikumuuliza, "Umeelewa?"
Nimekulia Korogwe, naijua ndiyo ya heshima,
ndiyo inayomsindikiza mgeni hadi nje ya ua.
Nikasema: leo mimi ndiye sijui. Nifundishe.
Umeamka, uko jikoni. Unaanza na nini?

Akaweka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono,
akapapasa, akapapasa tena,
kama alivyoutafuta uzi uliokatika mashineni
miaka arobaini, bila kuutazama.
"Nahesabu kwa saa ya ukutani, dakika nzima.
Chini ya sitini, simezi, napiga simu.
Nikikinai chakula, napiga simu.
Nikiona manjano..." akacheka, "napiga simu, sibadilishi balbu."

Na kopo la Isla?

Alikawia.
"Mfamasia avichukue vidonge.
Lakini kopo nirudishiwe.
Kwenye kifuniko kuna mwandiko wake."

Fomu ya kuruhusiwa haina kisanduku cha jambo hilo.
Nikaandika pembeni, herufi zisizopinda:
vidonge viteketezwe.
Kopo, likiwa tupu, lirudi nyumbani.