Kiwanda cha Sabuni, Kibirizi

Tangi la kuchemshia mawese
tumelipasua katikati: nusu kaunta, nusu jiko la mkaa.
Ntahondi, fundi rangi, alitaka kuta nyeupe.
Nikamwambia iache ile michirizi ya magadi,
ziache na hesabu za makasha, mistari mitano mitano,
zilizokwaruzwa kwa msumari karibu na mlango.

Sakafu imekataa. Tumeisugua siku tisa
kwa sabuni, ndiyo, kwa sabuni,
na bado ina wekundu wa mawese,
bado inateleza chini ya viti vipya.

Jioni ya kufungua, migebuka ikikaangwa,
baba aliingia na kanzu yake ya Idi.
Hakuuliza bei, hakusifu taa.
Akazipita meza zote kumi na mbili
mpaka ukutani nilipotundika kioo,
akapenyeza mkono nyuma ya fremu
kutafuta swichi.

Hakuna kilichonguruma.
Akajitazama.
"Hapa," akasema, "palikuwa na joto."

Nikamsogezea kiti hapohapo,
kikaziba njia ya wahudumu usiku mzima.