Sampuli ya Kumi na Tisa

Kageha amekata kioo kwa kalamu ya almasi,
kipande cha dirisha la jiko la nyanyake, kule Mbale,
lililovunjwa na mpira wa watoto wa jirani.
Vioo vya dukani vilikwisha Februari.
Akakiosha kwa sabuni, kwa spiriti, kwa subira:
katika maabara hii ya Maseno
alama ya kidole ni mlima.

Pampu inanyonya tangu saa mbili asubuhi,
inakoroma kama kinu cha mahindi sokoni Luanda,
inatoa hewa, inatoa harufu ya mvua ya jana,
hadi ndani ya chungu cha chuma panabaki utupu
ambao hata uvumi hauwezi kuuvuka.

Ndipo agoni inaachiliwa, kiduchu.
Swichi. Panawaka zambarau,
rangi ya ua la viazi vitamu.
Agoni inapiga shabaha ya zinki, inapiga, inapiga,
inang'oa chembe moja moja
zikatue juu ya kioo kama vumbi lisilo na haraka.

Oksijeni ikizidi, utando hutakata
na kunyamaza: umeme hubisha, hakuna aitikaye.
Ikipungua, umeme hupita
lakini kioo huiva kama sturungi.
Kumi na nane zilizotangulia zimo koponi,
kila moja na kosa lake kwa wino.

Leo amealika mgeni, aluminiamu,
asilimia mbili tu.
Mgeni njoo, mwenyeji apone:
anaketi kwenye kiti cha zinki
na kuiachia nyumba elektroni moja ya ziada
izurure vyumbani kama mtoto wa likizo.
Wageni wakizidi husongamana mlangoni,
mtoto akakosa pa kukimbilia.

Saa kumi kasorobo, stima inapepesa.
Kageha anashika meza
kana kwamba meza ndiyo transfoma.
Inapepesa tena.
Inakaa.

Jioni anafungua chungu.
Kioo kitupu, ungeapa. Anakiinamisha:
waridi, kijani, waridi,
kama mafuta juu ya dimbwi la gereji.
Anatua sindano nne za kipimo.
Katikati, omu kumi na mbili.
Pembeni, mia tatu.
Pembeni bado.

Anaandika zote mbili, kisha anakiinua dirishani.
Ng'ambo, muuza maharagwe anakunja turubai,
wazi kabisa, kana kwamba kati yao
hapapiti kitu.

Simu inalia. Ni Nyanya:
ile katoni uliyoziba dirishani
imelowa.