Lugha Niliyojifunza Stesheni

Kabla ya chaki tulikuwa watu wa nyumba ya saba, Katuba,
baba akinuka moshi wa shaba,
mama akimdai Mama Kaumba sahani yake ya bluu
iliyokwenda na samaki, haikurudi.
Tulikula bukari. Tuliota kwa Kiswahili.
Kasai ilikuwa picha moja ya babu, imekunjika puani.

Halafu asubuhi moja mlango una herufi.
Haikuandikwa vizuri. Mwandishi alikuwa na haraka,
au aliandika gizani,
au, na hili linaniuma bado,
alikuwa Kibambe, niliyemfundisha mwenyewe
kuunyosha mkia wa K.

Bilulu, wakaimba barabarani. Wadudu.
Nikajihesabu miguu: miwili.
Dada Ngalula akacheka, kisha akaacha.

Wiki sita stesheni. Huenda tisa.
Baba alisema sita, na hakufika Mwene-Ditu ili nimsahihishe.
Tulilala juu ya magunia, juu ya cherehani, juu ya wengine.
Hapo ndipo nilipojifunza Chiluba:
neno la kwanza mâyi, la pili lufu.
Hapo mama aliiita bukari nshima,
kwa sauti kubwa, kama anayemjibu mtu.

Muuza chumvi, mwalimu, mlevi, fundi wa saa,
ambao juzi wasingesalimiana,
wakaanza kusema sisi.
Sisi hiyo hatukuzaliwa nayo.
Tulishonewa, na aliyetupima hakutupenda,
lakini usiku ulikuwa na baridi,
tukaivaa.

Tulipofika, watoto wa huko walinizunguka
wasikie ninavyotamka.
Mkatanga! wakapiga kelele,
nami nikageuka kumtafuta nyuma yangu.

Nimerudi. Nauza vocha karibu na soko la Kenya.
Lile dohani refu lipo, siku nyingine halitoi kitu.
Kibambe huja kununua dakika za simu.
Tunasalimiana vizuri mno,
kama watu wawili waliobeba yai moja.
Sijamuuliza. Naye ana sisi yake,
huitamka chini chini akiniona.

Jana mwanangu ametoka shule na swali:
baba, sisi ni kabila gani?
Nikatafuta chenji ambayo hakuna aliyeidai.
Nikamwambia, nyumba ya nane, Katuba,
kuna sahani yetu ya bluu.
Nenda kaichukue.
Piga hodi kwanza.
Wakiuliza wewe ni wa nani,
taja jina langu lote, usilikate.